Namna ya Kuzitumia Habari za Simu Mpya Unapotaka Kununua Simu Iliyotumika

Kila mwezi wa Septemba Apple huonyesha simu zake mpya, na Samsung huonyesha zake kubwa mwanzoni mwa mwaka, kwa kawaida Januari au Februari. Wengi wetu tunaofuatilia matangazo hayo hatutazinunua simu hizo mwaka huo, wala mwaka utakaofuata. Hata hivyo yanatuhusu, kwa sababu mtu wa Dubai, London au Toronto anayenunua simu mpya huiuza ile aliyokuwa nayo, na sehemu ya simu hizo huishia kwenye makabati ya vioo ya mtaa wa Aggrey pale Kariakoo, au Luthuli Avenue jijini Nairobi. Mwongozo huu ni kwa anayetaka kununua simu ya namna hiyo. Hoja yangu ni kwamba simu iliyotumika inunuliwe kwa kuhesabu miaka iliyobaki nayo, si kwa sifa zilizoandikwa kwenye boksi, na kwamba hesabu hiyo inawezekana kwa kutumia habari zilezile ambazo wengi tunazisoma ili kupitisha muda.

Anza na tarehe ya kuzaliwa kwa simu. Kampuni inapotangaza simu, mara nyingi husema itaipelekea masasisho, yaani marekebisho ya programu yake, kwa miaka mingapi. Sentensi hiyo huwekwa chini kabisa ya tangazo, baada ya kamera, rangi na akili mnemba, na waandishi wengi wa habari huiruka. Itafute hiyo kwanza. Google ilipoitoa Pixel 8 mwezi Oktoba 2023 iliahidi masasisho ya miaka saba, yaani hadi Oktoba 2030. Samsung ikatoa ahadi kama hiyo kwa Galaxy S24 mwezi Januari 2024. Kabla ya hapo mambo hayakuwa hivyo: Pixel 7 ya 2022 ina ahadi ya masasisho ya usalama ya miaka mitano, na Galaxy S20 ya 2020 iliahidiwa miaka minne tu.

Zingatia kwamba miaka hiyo haianzi siku utakayotoa fedha zako. Huanza siku simu ilipoingia sokoni. Ndiyo maana Galaxy S20 Ultra, iliyokuwa simu ya kifahari yenye kamera ya megapikseli 108, leo ni simu iliyomaliza ahadi yake, wakati Galaxy A16 ya mwishoni mwa 2024, ambayo ni ya bei ya chini na hakuna aliyeisifia popote, iliahidiwa masasisho ya miaka sita. Muuzaji atakuwekea hizo mbili pembeni kwa pembeni, ukiishika ile ya kwanza utahisi uzito na mng'ao wake, na moyo utakuvuta. Nimeona watu wengi wakivutwa. Kwa mtu atakayekaa na simu yake miaka minne, ya pili ndiyo simu.

Huenda ukajiuliza kama masasisho yana umuhimu wote huo, hasa ikiwa umewahi kukaa na simu isiyosasishwa na ikaendelea kupiga na kupokea. Umuhimu wake umeongezeka kwa sababu matumizi yetu ya simu yamebadilika. Sasisho la usalama ni kuziba mianya ambayo wezi wa mtandaoni wameshaigundua, na mwanya ukishajulikana hadharani, kila simu ambayo haikuzibwa hubaki wazi. Zamani kilichokuwa ndani ya simu ni namba za watu na picha za harusi. Leo ndani yake kuna M-Pesa au Airtel Money, programu ya benki, ujumbe wa namba za siri za mara moja, na picha ya kitambulisho cha taifa uliyomtumia wakala. Kwa hapa kwetu simu ndiyo pochi, na kwa wafanyabiashara wadogo wengi ndiyo benki yenyewe, kwa hiyo kuitembeza bila ulinzi si jambo dogo.

Kuna pia siku ambapo programu zenyewe hukataa. Tarehe 5 Mei 2025 WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye iPhone zisizoweza kufika toleo la 15.1 la iOS, mfumo unaoendesha iPhone, na kwa tangazo hilo moja iPhone 5s, iPhone 6 na iPhone 6 Plus zikapoteza kitu ambacho wenyeji wa hapa hutumia kuliko hata kupiga simu. Vilevile mwezi Septemba 2025 Apple ilipotoa iOS 26, ikiwa imeruka kutoka namba 18 ili namba ifuate mwaka, iPhone XR na XS za 2018 ziliachwa nje. Hazikuzimika siku hiyo, na bado zinafanya kazi, lakini ukiona bei ya XR imeshuka ghafla, hiyo ni mojawapo ya sababu, na unapaswa kuijua kabla hujaamini kwamba umepewa punguzo la kindugu.

Ukiwa na simu mkononi, thibitisha hali halisi kwa macho yako. Kwenye Android fungua mipangilio, ingia kwenye taarifa za simu, kisha toleo la Android, na utafute tarehe ya sasisho la usalama. Ikiwa tarehe hiyo ni ya miaka miwili iliyopita, bonyeza sehemu ya kusasisha huku ukiwa na intaneti. Simu ambayo bado inahudumiwa italeta kitu cha kupakua. Ambayo imeachwa itakuambia kwamba iko sawa na haina jipya, huku tarehe yake ikiwa ileile ya zamani. Kipimo changu ni rahisi: ikiwa imebaki chini ya miaka miwili ya masasisho, siinunui hata kama bei ni nzuri, na kwa fedha hizo namshauri mtu achukue simu mpya ya bei ya chini yenye warranti, iwe ni Tecno, Infinix au itel, ambazo zote tatu ni za kampuni moja ya Transsion ya mjini Shenzhen, au Samsung ya mfululizo wa A.

Sasa tuje kwenye boksi, kwa sababu hapo ndipo lugha ya matangazo inapowapoteza watu. Utakuta boksi limeandikwa GB 16 za RAM, yaani kumbukumbu ambamo programu hufanyia kazi zikiwa wazi, kwa herufi kubwa, na pembeni, kwa maandishi ambayo mtu wa umri wa mama yangu hawezi kuyasoma bila miwani, pameandikwa 8+8. Nane ya kwanza ni RAM ya kweli. Nane ya pili ni sehemu ya hifadhi ya kawaida, ile ile unakowekea picha na video, iliyoazimwa ifanye kazi ya RAM. Hifadhi hiyo ni ya polepole kuliko RAM kwa kiwango kikubwa, kwa hiyo simu haiongezeki kasi maradufu kama hesabu inavyodokeza. Inachopata ni uwezo wa kuziweka programu chache zaidi pembeni bila kuzifunga. Unapolinganisha simu mbili, soma namba iliyo kabla ya alama ya kujumlisha, na uisahau iliyo baada yake.

Megapikseli nazo zisikusumbue. Kamera ya megapikseli 50 kwa kawaida huunganisha vitone vinne kuwa kimoja ili kukusanya mwanga zaidi, na picha unayoipata ina megapikseli zipatazo 12. Kinachoamua ubora ni ukubwa wa kihisi, lenzi, na programu inayoichakata picha. Hili utalijua kwa kupiga picha mbili tu, moja ukielekeza barabarani kwenye jua kali na nyingine chini ya meza penye giza, kisha kuzikuza kwa vidole.

Chipu, yaani ubongo wa simu, ndiyo inayostahili swali. Kuna chipu ambazo hukaa sokoni miaka mingi huku zikivalishwa mabodi mapya. MediaTek Helio G85 ilitoka 2020, lakini Redmi 13C na Galaxy A05, ambazo zote ni simu za 2023, zilitoka nayo. Si chipu mbaya kwa kazi za kawaida, ila mnunuzi ajue kwamba anachukua umbo la 2023 lenye injini ya 2020. Andika jina la chipu kwenye karatasi kabla hujatoka nyumbani, tafuta mwaka wake, na ukifika dukani usikubali jibu la kwamba simu ni toleo jipya.

Jambo linalofuata ni kule simu ilikotoka, na kwa iPhone jambo hili linaweza kukupotezea fedha zote. Kuanzia iPhone 14 ya 2022, simu zinazouzwa Marekani hazina kabisa tundu la laini. Zinatumia eSIM peke yake, yaani laini iliyo ndani ya simu na isiyoshikika. Mwaka 2025, kwa iPhone 17, Apple ilieneza utaratibu huo hadi nchi za Ghuba zikiwemo Falme za Kiarabu, Saudia, Qatar, Kuwait, Bahrain na Oman. Soma habari hiyo kwa jicho la Mwafrika Mashariki: Dubai na Muscat ndiko ndugu zetu wengi wanakofanya kazi, na ndiko mizigo mingi ya simu inakopitia. Kwa miaka mingi tumezoea kwamba simu ya Dubai huingia laini bila maswali. Kwa toleo hilo mazoea hayo hayatoshi tena. eSIM yenyewe si ubaya, na mitandao mikubwa ya hapa inaitoa, lakini mtu mwenye laini mbili za biashara anayezihamisha kutoka simu hadi simu kila wiki atateseka. Iangalie simu ubavuni. Ikiwa hakuna kijitundu cha kuingizia pini, ujue hakuna mahali pa kuweka laini.

Kwenye iPhone, ukiingia kwenye mipangilio, kisha General, kisha About, utaona namba ya modeli. Herufi ya kwanza inaeleza historia yake: M ni simu iliyouzwa ikiwa mpya, F ni iliyotengenezwa upya na kuuzwa tena, N ni iliyotolewa kufidia iliyoharibika. Herufi za mwishoni hueleza soko, na LL ni Marekani. Ukiona LL, uliza pia kama simu imefungwa kwa mtandao mmoja wa huko, kisha usiamini jibu. Sehemu hiyohiyo ya About kuna mstari wa kufuli la mtandao, nao unapaswa kusema kwamba hakuna vizuizi vya laini. Kumbuka vilevile kwamba iPhone 15 ya 2023 ndiyo ya kwanza kutumia chaja ya USB-C, ambayo tangu tarehe 28 Desemba 2024 ni lazima kwa simu zinazouzwa Umoja wa Ulaya, kwa hiyo iPhone 14 na za kabla yake zitakufanya uendelee kutafuta waya wa aina yake peke yake.

Sasa tumefika mezani kwa muuzaji, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ya lililompata mama yangu mdogo. Anauza vitenge, na wateja wake wote wamo kwenye simu yake. Alinunua simu iliyotumika kwa kijana mmoja, ikafanya kazi vizuri kwa wiki tatu, kisha asubuhi moja kioo kikajaa maandishi kwamba kifaa kinadaiwa na kimefungwa hadi malipo ya mkopo yakamilike. Kumbe mwenye simu wa kwanza aliichukua kwa malipo ya kidogokidogo, akaacha kulipa, akaiuza. Mama mdogo hakudaiwa na mtu, lakini alibaki na kipande cha kioo, na majina ya wateja aliyokuwa ameyakusanya kwa miaka yakawa humo ndani. Nilikaa naye siku nzima tukijaribu kukumbuka namba za watu. Sitaki limfike mwingine.

Kinga yake ni hatua moja ambayo wauzaji wengine hawaipendi: simu ifutwe kabisa na kuwashwa upya mbele yako, ikiwa imeunganishwa na intaneti. Sema kwa upole, "Kaka, naomba tuifute tuianzishe pamoja, nitasubiri." Simu ya Android ikiwa bado imefungwa kwenye akaunti ya mtu mwingine, itadai akaunti hiyo wakati wa kuanzishwa, kinga hii ipo tangu Android 5.1 ya 2015. iPhone nayo itadai akaunti ya Apple ya mwenye nayo. Simu ya mkopo kwa kawaida itaonyesha ujumbe kwamba kifaa kinasimamiwa na kampuni fulani. Ukiona ujumbe wowote wa namna hiyo, rudisha simu mezani, shukuru, uondoke. Fundi atakayekuambia kwamba analifungua kufuli hilo kwa elfu chache anakuuzia tatizo litakalorudi sasisho likiingia. Na muuzaji anayekataa simu ifutwe amekwisha kukujibu.

Kisha piga *#06#. Zitatokea namba za IMEI, yaani namba za utambulisho wa simu, zenye tarakimu 15, moja kwa kila laini. Zilinganishe na zilizo kwenye boksi na kwenye mipangilio, tarakimu kwa tarakimu, hasa nne za mwisho. Tanzania unaituma namba hiyo kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, na Kenya kwenda 1555, na jibu litakuambia namba hiyo ni ya simu ya aina gani. Ikiwa mkononi una Samsung na jibu linataja aina nyingine, namba hiyo imehamishwa kutoka simu nyingine. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilizima simu zenye IMEI bandia mwezi Juni 2016, na Kenya ilikuwa imetangulia kufanya hivyo mwaka 2012, kwa hiyo hatari ya kununua simu itakayozimwa si ya kinadharia.

Kioo kinahitaji macho matulivu. Fungua picha nyeusi tii, ongeza mwanga hadi mwisho, ifunike simu kwa viganja na uchungulie. Kioo halisi cha OLED, aina ambayo kila kitone hujiwashia mwanga wake, huwa giza totoro, kana kwamba simu imezimwa. Kioo cha bei ya chini kilichobandikwa baada ya kile cha awali kupasuka hutoa ung'avu wa kijivu, hasa pembeni. Baada ya hapo fungua picha nyeupe, utafute kivuli cha herufi za kibodi sehemu ya chini, ambacho ni alama ya kioo kilichoungua kwa kuwaka muda mrefu. Kwenye Samsung nyingi, ukipiga *#0*# utapata ukurasa wa majaribio wenye rangi nyekundu, kijani na bluu pamoja na sehemu ya kupaka kioo chote kwa kidole, na kisanduku ambacho hakipakiki ni mahali ambapo mguso umekufa. Chomoa pia kishikio cha laini na umulike ndani kwa tochi: kwenye iPhone kuna kialama cheupe ambacho hugeuka chekundu maji yakiingia.

Betri inaeleza ukweli zaidi ya mwenye simu. Apple husema betri za iPhone 14 na za kabla yake zimeundwa kubaki na asilimia 80 ya uwezo wake baada ya mizunguko 500 kamili, na za iPhone 15 baada ya mizunguko 1,000. Mzunguko mmoja ni jumla ya asilimia 100 iliyotumika, hata kama ni nusu leo na nusu kesho. Asilimia hiyo ya uwezo iko kwenye mipangilio ya betri, na kuanzia iPhone 15 idadi ya mizunguko nayo imeandikwa. Simu ya miaka mitatu yenye asilimia 100 inapaswa kukutia shaka, siyo furaha. Rudi kwenye About uone kama betri imetajwa kuwa kipuri kisichojulikana, jambo ambalo iPhone nyingi zimeweza kulionyesha tangu iOS 15.2. Kubadilishiwa betri si kosa. Kosa ni kufichwa, kwa sababu bei inapaswa kushuka. Joto ndilo adui mkubwa wa betri hizi, na simu iliyoachwa kwenye dashibodi ya gari jijini Dar es Salaam huzeeka kuliko mwenzake wa umri uleule aliyeishi ofisini.

Kuhusu wakati wa kununua, kalenda ya matangazo inasaidia. Bei za Samsung za mwaka uliopita hushuka haraka baada ya toleo jipya kuingia; za iPhone hushuka polepole. Google iliwahi kutoa Pixel zake Oktoba, lakini mwaka 2024 na 2025 ilizitoa Agosti. Hata hivyo kuna habari moja inayoivuruga kalenda hiyo. Kuanzia miezi ya mwisho ya 2025 bei za chipu za kumbukumbu zimepanda sana, kwa kuwa watengenezaji wakubwa, Samsung, SK Hynix na Micron, wanaelekeza uzalishaji kwenye vituo vya data vya akili mnemba, na Micron ilitangaza Desemba 2025 kwamba inaachana na bidhaa zake za Crucial zilizokuwa zikiuzwa kwa watumiaji wa kawaida. Simu za bei ya chini ndizo zinazoumizwa zaidi, kwa sababu kumbukumbu ni sehemu kubwa ya gharama zake: ama zitapanda bei, ama zitapunguziwa RAM kimyakimya. Kwa hiyo usitegemee kwamba ukisubiri miezi sita bei itashuka kama ilivyozoeleka, na simu mpya ikitoka, linganisha RAM yake ya kweli na ya toleo lililotangulia kabla hujaamini kwamba mpya ndiyo bora.

Habari ya kutia moyo imetoka Ulaya. Tangu tarehe 20 Juni 2025 simu mpya zinazoingizwa kwenye soko la Umoja wa Ulaya zinatakiwa kupata masasisho kwa angalau miaka mitano baada ya modeli kuacha kuuzwa, na betri ibaki na asilimia 80 baada ya mizunguko 800. Sheria hiyo haikuandikwa kwa ajili yetu, lakini simu hizo zitatufikia baada ya miaka mitatu au minne, zikiwa na umri mrefu zaidi uliobaki kuliko zile tunazopokea leo.

Ukikubaliana bei, weka laini yako mwenyewe, siyo ya muuzaji, upige simu moja ya sauti na kumsikiliza wa upande wa pili, kisha washa data uone kama 4G inashika. Chomeka chaja kwa dakika tano. Dai risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi, na umwombe muuzaji aandike kwa kalamu nyuma yake tarakimu zote 15 za IMEI na siku alizokupa za kuirudisha, aweke na sahihi. Piga picha ya risiti hiyo kwa simu ya mtu mwingine, umtumie ndugu yako, kwa maana wino wa risiti hizo hufifia ndani ya miezi michache.